Vikombe Vilivyongoja Mbegu Yangu

Omera Ouma,

Ndugu yangu mdogo, mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu, unajua. Kwa hivyo nami naandika pole pole. Sikumpa mtu aniandikie. Angeniwekea maneno mazuri, na haya si mambo ya maneno mazuri.

Kwanza la kweli lisemwe. Migori hii yote hakuna aliyechemsha sukari nguru kama mimi. Wengine walichovya vijiti kwenye sufuria kama watoto. Mimi nilinusa tu, nikajua juisi ya miwa imeiva. Na moto wangu ulikuwa wa makapi, yale yanayobaki miwa ikishakamuliwa. Miaka yote nayachoma. Halafu unakuja wewe na gunia, unaomba. Nikakuuliza kama siku hizi unafuga ng'ombe wasio na meno. Ukacheka, ukayabeba.

Nakumbuka ulivyoyaloweka kwenye pipa na kuyatwanga kwenye kinu cha mama, mpaka mke wako Atieno akalalamika kwamba ugali una nyuzi. Ukayachanganya na uji wa muhogo uliokataliwa sokoni, ukakandamiza ndani ya mkebe wa rangi, ukaanika juu ya bati. Kikatoka kikombe. Cha kuoteshea miche, ukasema, badala ya ile mifuko ya nailoni nyeusi inayotapakaa mashambani mwetu. Mche unaingia ardhini na kikombe chake, kikombe kinaoza, mizizi inapita. Nilikigonga kwa kidole. Kilikuwa kizuri. Sikukuambia.

Watu wakaanza kuja. Wakifika njia panda hawaulizi tena kwa mzee Okelo, yaani mimi. Wanauliza kwa mtu wa vikombe. Boma ni la baba, mkubwa ni mimi, na jina linakwenda kwako! Hilo lilinichoma, Ouma.

Basi wakaja akina mama wa Oyugis wenye kitalu kikubwa. Wakasema watarudi baada ya mvua kuanza. Wakikuta miche yako imesimama shambani, watachukua vikombe vyote utakavyotengeneza. Ukajaza kibanda miche ya mapapai, ukaimwagilia. Na kikombe chako kikishapata maji kilikuwa na siku zake. Zikipita, kinalegea.

Mvua ikanyesha. Na katika boma letu mdogo hatii kitu ardhini kabla mkubwa hajatia mbegu. Akithubutu anajiletea chira, laana inayomaliza watoto. Wewe na usomi wako uliiogopa kama sisi wote. Ukanijia. Nikakwambia mguu unaniuma. Ukarudi. "Jaduong', mzee wangu, punje moja tu. Nitakubeba mpaka shambani, wewe uiangushe." Nikakwambia mkubwa habebwi kama kuku wa kuuza. Mara ya tatu ulipiga magoti kwenye matope mlangoni kwangu, mtu mzima mwenye mvi. Mimi nikaagiza chai.

Mguu haukuwa unauma. Asubuhi ile nilikuwa nimetembea mpaka sokoni na kurudi, kununua dagaa wa omena.

Akina mama walipofika, vikombe vilikuwa vimelegea kibandani, miche imelaliana kama walevi. Mmoja akakiinua kimoja, kikamkatikia mkononi. "Hiki ni kikombe ama ni mandazi iliyosahauliwa kwenye chai?" Wakacheka mpaka wakashika viuno. Mimi pia nilicheka, pale kwenye kiti changu. Niliwashinda wote kwa kucheka. Ukanitazama mara moja, ukachukua koleo, ukaanza kuzoa.

Kesho yake nikapanda mahindi.

Msimu haukuisha, kifua kikakushinda. Tulikutoa mochari ya Homa Bay tukakuzika hapa nyumbani, na jirani mmoja kaburini akanong'ona kwamba fundi ameoza kama kazi yake. Watu wakaziba midomo wasicheke kwa sauti. Sikumkemea.

Atieno hakuacha kazi. Alitumia mkebe wako uleule. Na msimu huu mvua ilipoanza nilitia mbegu siku ileile, kabla hajaja kuniomba. Akapanda miche yake. Wiki iliyopita akina mama wa Oyugis wakarudi, wakafukua mmoja, mizizi imetoboa kikombe na kutoka kila upande. Wakauliza, mbona vya kwanza viliharibika? Atieno akasema, "Shemeji aliugua mguu, tukachelewa kupanda. Na marehemu naye alikuwa fundi wa kubahatisha. Hakuwa anapima."

Ningenyamaza, ingekwisha hapo. Jina lako lingebaki chini, langu safi. Nilikaa nikitazama ile mizizi. Kisha nikasimama, bila fimbo, nikasema: "Alipima. Kipimo chake ndicho hiki hiki. Mguu wangu ulikuwa mzima. Nilikataa kupanda kwa wivu."

Wale wageni wakatazama chini. Atieno akaniuliza, "Ulikuwa mzima, shemeji?"

"Mzima."

"Na maji ya moto ya kukanda niliyokuwa nakuletea kila jioni?"

Nikautazama ule mguu, Ouma.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Utapanda kwanza kwa sababu ni desturi. Zaidi ya hapo hatujuani." Tangu siku hiyo sahani yake haiji kwangu. Nasonga ugali mwenyewe na unatoka mabonge. Nakula hivyo hivyo.

Vikombe wamevichukua. Kwenye daftari lao wameandika jina lako, si langu, na bado inaniuma, nisikudanganye. Makapi nimeyatoa mimi! Lakini niliacha waandike.

Msamaha siombi. Sijawahi kuomba kitu kwa mdogo wangu na sitaanzia kwa maiti. Ila ahadi naitoa. Kila msimu, tone la kwanza likianguka, nitakuwa shambani na punje mkononi, niwe mzima au nitambae. Hakuna atakayekuja tena kupiga magoti mlangoni kwangu. Na mvua ikinyesha, boma likaamka na mimi sijaonekana, wajue nimekufa. Atieno apande, asiningoje.

Lala ubavu unaoutaka, ndugu yangu.

Mkubwa wako,
Okelo