Kabla na Baada ya Chai ya Afueni

Jumanne, 7 Oktoba 2014

Hongera zetu! Leo mawakala wa Chai ya Afueni tumekuwa maarufu Kasulu nzima. Sijamaliza hata kutundika vitenge nje ya duka, redio ya jirani inatutaja. Inataja ile picha yetu ya Facebook. Kushoto mama mnene yuko hoi kitandani — KABLA. Kulia mama mwembamba anacheka — BAADA. "Mama Neema wa Dodoma, kisukari kimekwisha kabisa!"

Kumbe Mama Neema si wa Dodoma. Wala si mtu mmoja! Wa kulia anaitwa Niyibizi, mkimbizi, anauza mihogo sokoni kule kambini Nyarugusu. Nesi Verediana wa hapa mjini alimtambua, akampeleka mtangazaji mpaka kwake. Nimemsikia kwa masikio yangu: "Mi sinaka ugonjwa ya sukari. Iyo chai sijue hata harufu yake. Ule bwana alisemaka photo ni ya kutangaza bikwembe." Yaani vitenge, kama hivi vyangu.

Bwana mwenyewe ni Hashimu wa Kibondo, kocha wetu wa mauzo. Mtu wa watu.

Na mimi nilikuwa naishea picha hiyo kabla sijapiga mswaki. Mtu akiagiza kwa linki yangu, kamisheni inaingia kwenye simu. Kazi safi, haina vumbi.

Jumatano, 8 Oktoba

Kundi letu la WhatsApp limechangamka kuliko harusi. Mwalimu Rabia — aliletwa huku kutoka Tanga kufundisha Fizikia, akaona chai inalipa kuliko Fizikia — ametoa sura yake, ameweka ua waridi. Anasema yeye hajawahi kuuza kitu. Alikuwa "anatoa elimu." Nestori anasema akaunti yake ilidukuliwa tangu Machi. Mwizi mchapakazi huyo! Kaposti kila asubuhi, kajibu wateja kwa adabu, kisha kamisheni yote kamwachia Nestori.

Hashimu katuma ujumbe wa sauti. Eti huu ni wivu, wenye maduka ya dawa wametishika. Halafu hapohapo: futeni picha zote.

Nikauliza: kama ni wivu tu, tunafuta nini?

Nimejibiwa kwa vikatuni vya mikono ya kuomba. Sita hivi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekwenda kwa mwenye nyumba wangu, Bi Mwanaamina. Mjane, kwao Ujiji, ana kisukari miaka mingi. Huyu hata linki sikumtumia, chai namletea mwenyewe mpaka mkononi. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri.

Nimemkuta barazani na kikombe chake. Kasema aliwasikia redioni. "Wanakuonea choyo, mwanangu. Wewe wa kudanganya watu?"

Nikacheka. Cheko gani lile, sijui.

Nikamuuliza kama vidonge vya hospitali bado anakunywa. Kanitazama kama nimemtukana. "Vya nini tena? Si umeniletea chai?"

Mguu wa kushoto kauvuta chini ya kanga. Kidonda kafanikiwa kukificha. Harufu, hapana.

Dukani nimemkatia mteja kitenge kwenda kombo, shuka si shuka, gauni si gauni. Kalalamika, nami nikamjibu vibaya.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua. Bi Mwanaamina amelala mchana kutwa. Yeye! Anayeamka kabla ya adhana na kuwasema wanaolala.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kibondo. Hashimu kaita "mkutano wa dharura wa ushindi." Ushindi! Tumefungua kwa dua, kisha kwa sala, ili Mungu asilalamike upande wowote. Shati lake jeupe pe, mkanda unang'aa. Huwezi kuamini kuwa ndiye aliyeumbuliwa.

Mpango ni huu. Chai ya Afueni imekufa. Inazaliwa Chai ya Rehema — majani yaleyale, karatasi mpya. Na sasa hatutaki picha za watu wa mbali. Tunataka mashahidi wa hapahapa, wanaojulikana mtaani, ili redio ikija ikute mtu kweli.

Akanigeukia. "Firdausi, yule bibi yako anayekunywa yuko wapi?"

Makofi.

Nikasimama. Nikasema mguu wake unaoza.

Nikadhani walau mmoja ataona aibu. Hashimu akashusha sauti, ile ya msibani: "Dada yangu, ndiyo maana anahitaji matumaini."

Makofi tena, makubwa zaidi. Hata waridi la Mwalimu Rabia lilipiga makofi.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimemngoja Verediana nje ya kanisa. Nilikuwa tayari kwa matusi, hata nilivaa viatu vya kukimbilia. Hakutukana. Nikamweleza mguu ulivyo, akaanza kuuliza: rangi gani? Ana homa? Vidole anavihisi?

Sikujua. Naijua chai, mguu siujui.

Akasema nimlete kesho, nisithubutu kupitisha kesho. Nikamwambia hatakubali, hospitali haiamini tena.

"Anakuamini wewe," kasema. "Basi mwambie wewe."

Akaondoka na mwavuli wake. Bora angetukana.

Jumatatu, 13 Oktoba

Naandika harakaharaka, nimekaa kitandani kwa Bi Mwanaamina. Nimeingia eti kumtafutia mtandio.

Nilikuja na teksi ya Venanti ili tumpeleke hospitali. Nikamkuta Hashimu kanitangulia! Katoka Kibondo alfajiri, na kamera, na kijaluba cha poda. Bi Mwanaamina kavaa nguo zake za Idi. Anatetemeka, jasho linamtoka, na anatabasamu.

Nikamwambia: Bibi, gari iko nje, twende hospitali. Picha ile ilikuwa ya uongo. Chai haiponyi. Nilisema, ndiyo — lakini kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Akanipapasa mkono. Mkono wake moto! "Usiogope, mwanangu. Wamekuaibisha kwa picha ya uongo. Mimi ni wa kweli. Ngoja nipigwe picha, wakome. Hospitali tutakwenda baadaye."

Kwa hiyo ni kwa ajili yangu. Anakaa pale na homa yake ili kunisafisha mimi jina.

Venanti kapiga honi. Nawasikia barazani. Hashimu anampanga: inua kidevu, Bibi, cheka kidogo. Tutapiga kuanzia kiunoni kwenda juu.

"Na mguu?"

Mguu hauna haja, Bibi.

"Hauna haja vipi? Mguu ndio mgonjwa. Chai nainywea huo mguu. Upige!"

Eti mwanga hautoshi kule chini.

"Basi nauinua." Nimesikia kigoda kinaburuzwa. Kisha kitambaa kinafunguliwa, taratibu.

Nasikia viatu vya Hashimu vinarudi nyuma. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Sasa ananiita. "Firdausi! Njoo umweleze Bibi kwa nini mguu hautakiwi."