Usingizi wa Sindano na Kasida Yako

Mama Mkubwa wangu mpendwa,

Salamu zikufikie huko mapumzikoni, ambako nina hakika unalalamika, maana hukuwahi kuwa mtu wa kukaa bure. Sisi hatujambo. Nyumba ya Old Kampala bado imesimama, bati tumebadilisha, ila goti langu limegoma kabisa na kesho wananipasua. Jana mtaalamu wa dawa ya usingizi, kijana mpole mwenye miwani, alinikalisha akanihoji kama bwana harusi anayechunguza ukoo. Nina meno ya bandia? Ninatumia dawa gani, hata za mitishamba? Kuna kitu mwili wangu hukikataa? Nimewahi kuchomwa sindano ya usingizi? Nikamwambia ndiyo, zamani, wakati wa utawala wa wale askari. Akauliza kama niliamka vizuri. Nikacheka mpaka akaingiwa na wasiwasi.

Ningemjibu nini, Mama Mkubwa? Kwamba niliamka ndani ya kasida?

Ndiyo maana nimekaa nikuandikie, na barua hii nitaiacha wazi, wengine nao waisome. Wapo wanaoiogopa sindano ile kama tulivyoiogopa sisi, na wapo wanaoifanyia mzaha.

Unaikumbuka mvua ile? Nilikuwa natoka Ggaba, kule ufukweni mwa ziwa, na kikapu cha samaki, nikateleza kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, mkono wa kulia ukapinda mahali ambapo mkono haupindi. Ulitoka mbio na ushungi haujakaa kichwani. Uliokota samaki kwanza kabla ya kuniokota mimi, na usikatae, nilikuona. Halafu ukaketi matopeni pamoja nami, ukakiweka kichwa changu mapajani, ukalia kwa sauti ndogo. Mimi uliyenilea tangu mdogo wako, mama yangu, alipofariki, sikuwahi kukusikia ukilia hivyo. Nilijua hukuwa unaulilia mkono wangu peke yake.

Idrisa, mwanao wa pekee, alikuwa ametoweka. Waliokuja kumuulizia gereji alikofanya kazi hawakusema kosa lake, na siku zile hakuna aliyeuliza kosa. Watu wakiingizwa kwenye gari mchana kweupe, sisi wengine tuliangalia viatu vyetu. Wewe hukujua kama yuko hai. Mimi nilijua. Alikuwa Ggaba, kwenye banda la mama mmoja anayekausha samaki, akingoja njia ya kuvuka kwenda Kenya. Nilimwona kila nilipokwenda kununua samaki, akiwa amekonda na macho mekundu kwa moshi. Aliniapisha.

"Mama asijue, Rukia. Uso wake hauwezi kuficha kitu. Wakija kumuuliza, ni bora asiwe na la kuficha."

Nikaapa. Na wewe hukuniuliza hata siku moja. Nikirudi na kikapu ulinitazama usoni, ukanitazama kwa muda mrefu, kisha ukaendelea kumenya ndizi. Sijui nyumba ile iliwezaje kuubeba ukimya ule.

Hospitali wakasema mfupa lazima urudishwe mahali pake, na kwamba nitalazwa usingizi kwa sindano ya mshipani. Nije kesho yake asubuhi nikiwa nimefunga. Ulifurahi kidogo, nadhani kwa mara ya kwanza tangu Idrisa apotee. "Kufunga? Kufunga tunajua sisi." Basi ukaniamsha kabla ya adhana, ukanipa daku la kifalme: mkate wa kumimina, viazi, mayai na chai ya maziwa iliyojaa tangawizi. Nilikuwa sitaki, ukanilisha kwa mkono wako. "Kula, mwanangu, njaa isikuzidie huko." Adhana ilipotoka ukaninyang'anya kikombe, kama ilivyo sheria, na tukaondoka tukiwa na dhamiri safi.

Yule bwana wa usingizi, Mganda mnene mwenye sauti ya taratibu, alikuwa amekwisha kuivuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Nnyabo, umekura kitu?"

"Hapana. Nimefunga."

"Toka saa ngapi?"

Wewe ndiye uliyejibu, tena kwa fahari. "Tangu adhana ya alfajiri. Na daku alikula vizuri sana, daktari, usiwe na shaka."

Aliposikia daku ni nini, aliiweka sindano chini polepole, akajifuta jasho. "Eh, maama! Hiyo hapana kufunga ya hospitali. Mutu akirara na hii dawa, tumbo inaweza rudisha chakula juu, inaingia kwa mapafu. Mutoto wako angekufa hapa hapa, mbele yako." Akatuambia tungoje mpaka alasiri. Ulirudi kwenye benchi ukiwa umenyong'onyea, na kila mara uliushika mkono wangu mzima na kuubusu. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "nilikunywa chai kidogo tu, sitawaambia," natamani kumkamata masikio. Aseme. Aseme chai, aseme pombe, aseme dawa ya mganga, aseme jino linalocheza. Mbele ya watu wa usingizi hakuna aibu.

Lakini kungoja kule ndiko kulikotuletea balaa. Kwanza mama mmoja aliyekaa nasi benchini, mtu mwema tu mwenye maneno mengi, alituambia kwamba sindano hiyo mpya inamfungua mtu mdomo. Shemeji yake aliamka akawataja wapenzi wake wote mbele ya mumewe. Akacheka. Wewe hukucheka, wala mimi. Halafu wakaja askari. Walimleta mwenzao aliyeumia kwa ajali ya gari, wakaambiwa atapasuliwa alasiri ile ile, na kwamba wagonjwa wote wakitoka huamkia chumba kimoja. Wawili wakaenda kukaa humo kumngoja, wamepakata bunduki zao.

Nilimfuata yule bwana wa usingizi. Nikamuuliza kama ni kweli, kama dawa hutoa siri. Mungu amrehemu alipo, hakunidanganya.

"Hii si dawa ya siri. Hakuna mutu anaweza kukuuliza maswali ukajibu kama kwa korti. Lakini kwa kuamka, wengine wanaongea. Wanacheka, wanalia, macho iko wazi lakini yeye hayuko. Mambo ya ndoto na mambo ya kweli, yote pamoja. Baadaye hakumbuki. Ndiyo sababu tunaacha yeye kimya kabisa. Hapana gusa, hapana piga kelele, aamuke pole pole."

Nikamwomba aurudishe mfupa hivi hivi, bila dawa. Akaniangalia, kisha akawaangalia askari waliokuwa wakionekana mlangoni. Sidhani alihitaji kuelezwa. Akasema maumivu yale yangenifanya nipige kelele zaidi. Hapo ndipo uliposimama, Mama Mkubwa, ukajifunga khanga kiunoni.

"Choma, daktari. Nitakaa naye mimi."

Ninachokumbuka baada ya hapo ni ubaridi ukipanda mkononi, na sauti ya yule bwana ikiniambia nifikirie mahali pazuri, kwa sababu mtu hulala na kile alichoingia nacho. Sauti ikaenda mbali, kama mtu anayezungumza kutoka nyumba ya tatu. Dari likalainika. Mwili wangu ukabaki kitandani, nami nikaondoka bila haraka, bila hofu, wala sikuwa na mkono wa kuuma.

Ziwa lilikuwa limepanda mpaka Old Kampala. Limepanda taratibu, bila kumdhuru mtu, na maji yake yalikuwa ya uvuguvugu. Samaki walipita mbele ya maduka yaliyoachwa na Wahindi, wakachungulia ndani, wakapita. Ngege mmoja mkubwa aliingia kwa fundi cherehani akatoka. Watu wote waliotoweka walikuwa barazani kwao wakinywa kahawa chini ya maji, na hakuna aliyeshangaa. Idrisa alikaa juu ya kikapu kilichopinduliwa, nywele zikielea. Nilimwita. Niliita kwa furaha, nikamtaja jina, nikamwambia hawezi kuendelea kukaa kwenye banda la yule mama wakati ziwa limekuja mpaka nyumbani. Ndipo maji yakaanza kuimba. Yaliimba kwa sauti ya kukwaruza sufuria, yakakosea tuni, yakarudia. Kila nilipoita, wimbo ulinifunika, nami nikaona ni sawa tu, kwamba huo ndio utaratibu wa maji.

Nilipoamka sawasawa nyuso zote zilikuwa mbilimbili. Nilitapika, nikalia bila sababu, nikacheka. Wewe uliketi kando yangu, jasho likikutiririka, sauti imekukauka. Askari walikuwa bado pale, na mwenzao alikuwa anakoroma.

"Nilisema nini?" nikakunong'oneza.

"Uliomba maji, mwanangu."

Basi. Ukanifuta uso. Jioni yule bwana akaja kukuagiza: nisisimame bila kushikwa, nisikaribie jiko mpaka kesho jioni, nisiamue jambo lolote kubwa wala kuachwa peke yangu. Uliyashika maagizo yake mpaka yakapitiliza. Wiki nzima ulinizuia hata kumenya kitunguu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukujua kwamba nalijua. Asubuhi yake, kabla hatujaruhusiwa kutoka, ulipokwenda kuniletea uji, alinijia muuguzi wa zamu, Sista Nekesa, Mkenya mrefu mwenye mkono mwepesi. Alijifanya anatengeneza bendeji.

"Mama yako si mchezo," akasema. "Ulipoanza kuongea tu, akaanza kuimba zile nyimbo zenu za maulidi. Nikamwambia, mama, nyamaza, mgonjwa anatakiwa kimya. Hakuniangalia. Askari mmoja akamuuliza, 'Mama, iko nini? Kwa nini wewe naimba kwa hospitali?' Akamwambia, 'Mgonjwa wangu anarudi, baba. Kwetu mgonjwa akirudi anaimbiwa.' Yule akacheka, akaanza kumpigia makofi."

Nikamuuliza nilikuwa nasema nini.

"Mahali," akasema. "Na jina. Mara nyingi, wazi kabisa. Mimi niliyekuinamia ndiye niliyesikia, na nimeshasahau." Akafunga bendeji. "Lakini mama yako hakusikia. Nilidhani anaimba kwa sababu ya wale tu. Kumbe alikuwa ameziba masikio yake mwenyewe. Kidole hiki huku, kidole hiki huku, amefumba macho, anaimba."

Mama Mkubwa, nimeishi na picha hiyo maisha yangu yote. Kitu kimoja tu ulikitaka duniani, na kilikuwa kinatoka mdomoni mwangu, karibu na bega lako. Ungetoa kidole kimoja. Nani angekulaumu? Ungelala usiku huo ukijua mwanao anapumua. Lakini ulijua uso wako kama Idrisa alivyoujua, na ulijua wale wawili walikuwa wanakutazama. Ukachagua kutojua. Ukarudi nyumbani kumenya ndizi, kunitazama usoni, na kutouliza, mpaka askari wale walipoondoka madarakani.

Na siku ile Idrisa alipotokea mlangoni, na ndevu ambazo hatukuzijua na begi la Nairobi, majirani walipiga vigelegele hadi kuku wakakimbia. Wewe hukupiga kigelegele. Ulimshika uso kwa mikono miwili ukamuuliza:

"Ulikuwa wapi, mwanangu?"

Watu walicheka. Walidhani ni swali la kina mama, lile la kumgombeza mtoto aliyechelewa kurudi kutoka dukani. Hata yeye alicheka, akajibu, "Ni hadithi ndefu, Mama." Mimi peke yangu nilijua kwamba ulikuwa unauliza kweli, kwamba ulikuwa hujui, na kwamba umelitunza swali hilo kwa muda wote ule. Niliingia jikoni nikalia. Ukaja ukaniuliza kama ni moshi. Nikakwambia ndiyo.

Sikukueleza kwamba najua, na wewe hukunieleza kwamba ulifanya. Nadhani hivyo ndivyo tulivyopendana sisi. Leo najisikia kulisema kwa sababu nimezeeka, na kwa sababu kesho nitalala tena usingizi ule. Siogopi. Sitakula kitu tangu usiku, wala daku, usihangaike. Idrisa atanipeleka na kunirudisha. Anatembea na mkongojo sasa, ananisumbua kama ulivyokuwa unanisumbua wewe. Yule kijana mwenye miwani ameniahidi chumba cha kimya cha kuamkia. Nimemwambia mimi huwa naongea. Akasema wengi huongea, hakuna tatizo.

Pumzika, Mama Mkubwa. Kesho, nikiamka na kuanza kutaja jina, litakuwa lako. Waache wasikie wote.

Ni mimi, mwanao wa kulea,
Rukia