Usilikaze Lile Bomba

Mdogo wangu,

Chai iko kwenye chupa. Mlango wa mbele unakwama, kwa hiyo uinue kidogo ndipo uusukume, usiupige teke kama jana. Rafu ya juu jikoni ni ya yule kinyozi wa chumba cha pili, na sukari uliyoibugia jana ni yake. Kamwombe radhi mwenyewe, mimi nimechoka kukusemea.

~~Anza kufunga mizigo, Jumamosi tunahama.~~ Acha hilo kwanza.

Unajua bomba la ukutani lilivyoninyima usingizi tangu tufike: mtu akifungua maji tu, ko-ko-ko mpaka kwenye mto wangu. Leo alfajiri nikatoa spana, nikalibana, likanyamaza. Nikajisifu, fundi bomba mzima!

Watu wakaamka, wakaoga, kimya. Mara bibi mwenye nyumba huyo anapanda ngazi, miguu peku, anahema, anagonga kila mlango. Kumbe tangu wanawe waende kuishi mbali, hiyo ko-ko-ko ya bomba ndiyo humwambia kwamba wapangaji wake wapo na wameamka salama. Aliposikia kimya alidhani tumemhama sote.

Nikamwambia, "Tupo, bibi." Mimi huyu, ambaye nguo zangu bado ziko kwenye begi!

Usinicheke. Nimelilegeza tena. Ukirudi kutoka kazini, hata kama huna haja ya maji, fungua kidogo asikie.

Na begi langu lifungue, nguo zitundike.

Kaka yako