Mwandiko wa Baba

Kasense,
Sumbawanga, Ufipa.
10 Juni, 1956.

Mpendwa kaka Ignasi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, umeshakula, na kile kikohozi cha joto la Dar es Salaam kimekuacha. Wifi Agnesi hajambo? Na mtoto, ameanza kutembea au bado anaburuta makalio kama ulivyofanya wewe? Shangazi husema ulitembea ukiwa karibu na miaka miwili.

Huku baridi ya mwezi wa sita imeingia, na upepo unapita uwanjani bila cha kuuzuia. Ulezi tumeshavuna, maharage tunapura wiki hii. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio sina wa kukusifia.

Barua yako ya pili nimeipata Alhamisi, kwa lori la Huseni, mfanyabiashara wa mjini. Gari liliharibika njiani likitoka Mbeya, barua ikalala huko siku nyingi. Simlaumu Huseni, kaniletea mwenyewe mpaka mlangoni. Lakini kaka, ingefika siku kumi kabla, nisingekuandikia haya.

Nianze na baba. Mwezi wa nne macho yake yalipogeuka manjano na tumbo likajaa, nilimpeleka hospitali ya serikali. Daktari akamtoboa tumbo, maji yakatoka ndoo moja na nusu. Akaniambia ini limechoka, dawa ya kulirudisha upya hana, ila tunaweza kulisaidia lisielemewe. Akakataza chumvi. Wewe unamjua baba na chumvi. Siku ya kwanza alionja maharage, akaweka tonge chini, akaniuliza kama nilikuwa na ugomvi naye.

Watu wanasema ni pombe. Nakasirika mpaka nasikia masikio yanawaka. Miaka thelathini ya ukatekista, baba hakuwahi kumaliza kikombe cha pili harusini. Mwulize daktari wa hapo hospitalini kwenu unakofanya kazi ini linaharibikaje kwa mtu wa namna hiyo, uniandikie jibu nikawasomee hawa.

Ndipo ikaja barua yako ya kwanza. Uliandika kwamba hapo mnapowachunguza wagonjwa wa ini, madaktari wanataka mgonjwa ale nyama, maziwa, mayai na maharage, ini lijijenge. Niliisoma mbele ya ukoo wote, kwa sauti, kama nasoma waraka kanisani. Hapo ndipo nilipokosea. Ningejisomea mwenyewe, nikaweka kabatini. Shangazi Cornelia alisimama pale pale akagawa zamu: Jumatatu nyumba hii kuku, Jumanne nyumba ile samaki, Jumatano mayai. Na unajua desturi yetu ya chakula cha mgonjwa. Aliyekileta anakaa, anangoja, na sahani anaondoka nayo tupu. Ikibaki kitu, amedharauliwa. Baba, kwa adabu yake, alikula. Wiki tatu alikula kila kilicholetwa, hata tumbo likikataa.

Jumatatu moja asubuhi nilimpelekea maji ya kunawa. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Shikamoo, mama."

Nilicheka, kaka. Nilidhani ni utani wake. Nikamwambia, "Baba, leo umenizeesha." Hakucheka. Alinitazama akingoja niitikie, kama mtoto aliyefundishwa adabu. Sikuitikia. Nikaweka maji, nikatoka.

Siku zilizofuata alilala mchana kutwa. Alivaa koti miguuni. Alinyoosha mikono kupokea kikombe, viganja vikawa vinapiga-piga vyenyewe, chai ikamwagika. Mimi nikaona ni udhaifu. Na dawa ya udhaifu niliyoijua ni supu. Nikaomba paja la mbuzi kwa jirani, nikachemsha, nikamnywesha kwa kijiko. Mimi mwenyewe, si shangazi, si mtu mwingine.

Sasa soma tena ulichoandika katika barua ya pili: kwamba madaktari wameona wagonjwa wengine, wakilishwa nyama, akili inachafuka na mikono inapiga-piga, kwa sababu ini lililochoka haliwezi kusafisha uchafu wa chakula kile, na kwamba ikitokea hivyo nyama ikatwe mara moja, apewe sukari na uji, na tumbo lisafishwe. Niliisoma nimesimama mlangoni, Huseni bado ananiaga. Nilikaa chini kwenye kizingiti. Huseni alidhani nimepata habari ya msiba.

Nimefanya yote uliyosema. Uji wa ulezi mwepesi wenye sukari, asali, viazi, na chumvi ya haluli ya kusafisha tumbo, aliyonipa dresa, yule msaidizi wa hospitali. Wewe unayeshinda na hao madaktari, niambie kweli: niliyemlisha ndiye niliyemharibu? Usinifiche kwa sababu mimi ni mdogo wako.

Kazi kubwa imekuwa sahani. Ningemwambia nani mwenye zamu kwamba chakula chake ni sumu, wakati ni mimi niliyesoma barua iliyoagiza kiletwe? Nikawa naomba wageni wangoje barazani, napeleka sahani ndani, naipitisha mlango wa nyuma hadi jikoni, naila mimi. Ijumaa samaki. Jana kuku wa shangazi. Nilikuwa na paja mdomoni shangazi alipoingia jikoni kutafuta moto wa kiko chake.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema tu, "Epifania, kumbe baba yako anakonda na wewe unanawiri." Akachukua sahani yake, akaondoka. Nilimfuata na barua yako mkononi, akasema barua ni ile ya kwanza, hii ya pili nimeiandika mwenyewe. Kaka, tangu jana hakuna anayenisalimu kisimani.

Sasa sikia linaloninyima raha. Baba mdogo Tadei anasema kuchanganyikiwa kule si ini, baba ametupiwa kitu. Amezungumza na mganga mmoja upande wa Mpui. Mganga ameagiza baba apelekwe huko akae siku saba, na kila siku alishwe ini la mbuzi, ili lake lipate nguvu. Siku saba, kaka, za nyama tupu! Wataondoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, tarehe thelathini, maharage yakishaingia ghalani. Mimi sina sauti. Ni binti, sijaolewa, na nimekamatwa na paja la kuku.

Kwa hiyo nakuomba, usinijibu kwa barua. Piga simu ya maandishi ya posta. Usiandike jina langu, andika la Baba mdogo Tadei. Mwambie nyama ni marufuku kwa baba, asafiri asisafiri. Ikiwezekana daktari mwenyewe akubali jina lake liwe chini. Neno lako Baba mdogo atalibishia, lakini karatasi ya posta yenye jina la daktari ataibeba mfukoni na kuwaonyesha watu.

Tena uliandika kuna vidonge vipya ambavyo hapo vinajaribiwa, vya kuua wadudu wa tumboni wanaotengeneza ule uchafu. Vimeonyesha nini? Vinaweza kufika huku, au ni vya wagonjwa waliolazwa hapo tu? Kama ni lazima baba achunguzwe kwanza, niambie, nitampakia kwenye lori la Huseni hata kesho. Najua safari yenyewe inaweza kummaliza. Nimeifikiria mpaka kichwa kinauma.

Kuhusu lile daftari. Uliagiza baba aandike jina lake kila asubuhi, kwa kuwa madaktari wanasoma maradhi kwenye mwandiko. Nimeanza Alhamisi ile ile, na kurasa nimeziweka humu. Unakumbuka mwandiko wa baba, watu walitoka vijiji vya mbali kumwomba awaandikie barua kwa ajili ya ile R yake tu. Ona Alhamisi: mistari mitatu inayopanda ukuta. Ijumaa aliandika nusu ya jina, akaanza kuchora nyumba, akashindwa kuifunga paa. Jana, Rafaeli yote, ila inaanguka mwishoni. Leo Jumapili, tazama mwenyewe. Nimelia juu yake, ndiyo maana wino umetanda.

Msalimie sana wifi Agnesi na mwanangu mdogo. Fransiska wa jirani, aliyenipa lile paja la mbuzi bila kujua, anakusalimu. Shangazi Cornelia angekusalimu kama angekuwa anaongea na mimi. Mungu akutunze kwenye kazi hiyo yenu, awape hao madaktari macho ya kuona upesi kuliko ini la baba linavyochoka.

Wako akupendaye, anayesikiliza lori barabarani,
Epifania.

Kaka, nilikuwa nafunga bahasha, baba akaniuliza naandika kwa nani. Nikasema kwa Ignasi. Akaomba kalamu, naye akusalimu. Nimemwachia nafasi hapa chini.

*Shikamoo baba. Mimi sijambo ila tumbo. Nitakuja tukimaliza kupura. Ni mimi mwanao Rafaeli.*

Umeona mwandiko? Umenyooka, R imesimama kama zamani, nikaruka kwa furaha kabla sijayasoma maneno. Najua umepewa jina la babu, na baba amekuita "baba" tangu ukiwa mgongoni. Lakini shikamoo hajakupa hata siku moja. Sijui kama ni utani wake umerudi, au anamwandikia babu aliyekwisha kuzikwa. Waonyeshe madaktari maneno, si mwandiko peke yake.

Alikuwa ananitazama, anangoja, kama Jumatatu ile. Safari hii sikutoka. Nimemjibu kwa niaba yako, "Marahaba, mwanangu," na uso wake ukatulia. Njoo, kaka, uitikie mwenyewe.