Kidoti cha Mama

Dada yangu,

Huku sisi wazima, mimi na paka. Amezaa kabatini, juu ya sweta yako. Bomba la jikoni limeacha kuvuja lenyewe, na fundi cherehani wa jirani bado anakuulizia. Nimechoka kumdanganya kwamba unakuja.

Kazi ni ile ile: nachapa picha kwenye plastiki inayopitisha mwanga, kisha nazipaka rangi ya fedha upande wa wino, zing'ae kama kioo na wino usikwaruzike. Miaka kumi na tisa sijakosea. Juzi nikaikosea ya mama. Niliipaka upande usio na wino, ikabidi itazamwe upande wa wino, basi mama akageuka, kidoti chake kikahamia shavu jingine.

Nilitaka kuitupa, mkono ukakataa. Uso huo naujua. Ndio niliouona kwenye kioo kila asubuhi nikimchana nywele, mikono yake ilipoishiwa nguvu. Alikuwa ananiuliza humo humo kiooni, "Dada yako anafika lini?"

"Kesho, mama."

Miezi saba ya kesho, mpaka tukamzika.

Wewe nakutumia iliyo sahihi niliyochapa upya, mama wa siku zako, kama ulivyomwacha. Hii iliyogeuka nimeiweka mezani, nakula nayo. Shida ni kwamba wino wake hauna kinga. Kila nikimpangusa vumbi, anabaki kidogo kwenye kitambaa.

Nakulaumu, nisikufiche. Lakini njoo, dada, kabla sijammaliza.

Mdogo wako,
mpaka rangi