Kiatu cha Mguu Usiokuwepo

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
12 Juni, 1983

Kwa mtani wangu Bakili, mla panya,

Salamu zangu zikukute umeinama shambani, maana najua kijiji cha ujamaa hakina magunia ya vitunguu ya kujificha nyuma yake kama ulivyozoea huku sokoni. Hujambo? Mkeo Zena hajambo, na macho yake yanaendeleaje? Watoto wamekonda, au panya wa huko bado wanatosha? Sisi huku wazima. Shemeji yako Sitara anakusalimu sana. Na mimi mzima, ila mguu wangu wa kulia unaniuma. Ndiyo, ule ule. Usicheke kwanza, soma.

Barua yako ya kuomba Zena afikie kwetu akija kutibiwa macho niliipata tangu masika. Jibu lake liko mwisho, usiruke. Kwanza mimi na wewe tuna kesi.

Halafu ujue hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Uliniacha sijui a wala be, leo nimehitimu kisomo cha watu wazima, na mwalimu kasema tangu aanze kufundisha hajapata kuona kichwa kama changu. Wenzangu wanasema hakuwa ananisifu. Wivu tu.

Unaikumbuka siku ya ajali. Mimi mbele nimeshika mkokoteni, wewe nyuma, magunia kumi na mawili. Siku hizi nawaambia watu ishirini, na wewe ukiulizwa sema ishirini. Mzigo ukatushinda pale kwenye mteremko, gurudumu likanipanda mguu. Na mimi sikulia! Nikasimama, nikaanza kuokota vitunguu, namtukana aliyefunga kamba, mpaka nilipotazama chini nikaona damu, ndipo nikaanguka. Hadithi hiyo imeninywesha kahawa za bure barazani miaka miwili: Seifu, mwanaume asiyesikia maumivu. Baadaye mguu ukaoza, hospitali wakaukata chini ya goti, na kwa kuwa mguu wa binadamu hautupwi kama kichwa cha samaki, ukakabidhiwa wewe mtani wangu ukauzike.

Ulipokuja wodini nikakuuliza umeuzika vipi. Badala ya kunijibu kama mtu, ukaniambia umeuvalisha kile kiatu changu cha Idi, cheusi, chembamba mbele, ukakaza kamba mafundo mawili ili usije ukatoka kunitafuta. Wodi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka mpaka mshono ukanivuta.

Lakini hazikupita wiki nyingi, mguu ukaanza. Si kigutu, Bakili. Vidole! Vidole ambavyo havipo. Kidole gumba kimempanda mwenzake, vyote vimebanwa, vinawaka moto, hasa hasa kama vilivyokuwa vikibanwa na kile kiatu. Najaribu kuvikunjua, havikunjuki. Nashusha mkono nivikande, mkono unakamata shuka. Nikamwambia Sitara aniletee vile viatu. Cha kushoto kipo, cha kulia hakuna. Hapo ndipo mdudu alipoingia rohoni.

Nilikuuliza tena, safari hiyo kwa uso mkavu. Ukaniapia kwa viatu vya bibi yako. Ndiyo taabu ya mtani: kumkasirikia huwezi, na ukweli humpati nao. Hata siku unaondoka, ulitoa kichwa dirishani mwa basi ukapiga kelele kituo kizima kinasikia, Seifu, kamba nimekaza! Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikutazama mpaka basi likapotea, nikaanza kujumlisha. Nani alibaki na mkokoteni wangu? Bakili. Nani alinisihi nikubali kukatwa? Bakili. Na Idi iliyofuata baada ya kuuzika, nani alikuja na shati la kaki, kanzu yake haionekani? Nilikutangaza barazani kwamba kanzu umeinywea pombe. Ukasema umemwazima jamaa mmoja hatembei. Nikaona hata uongo wako umeanza kuchoka.

Nikaenda hospitali kwa daktari kijana, jina lake Filbert, nikamwambia nataka dawa ya mguu. Akauliza upi. Nikamwambia ule uliokatwa. Nilitegemea acheke, hakucheka, nikaanza kumshuku na yeye. Akasema mwilini mna mishipa ya fahamu, ni kama nyaya za simu. Waya unatoka kidole gumba, unapanda mguuni, unaingia uti wa mgongo, unaishia kichwani. Kidole kikikanyagwa kazi yake kupeleka habari tu, maumivu yenyewe yanapikwa huko juu. Sasa waya wangu umekatwa, lakini ncha iliyobaki inapiga kelele ovyo, na kichwani kile chumba cha kidole gumba hakijafungwa. Mwenyewe yumo, anangoja habari, na zisipokuja anabuni zake. Nikamwambia basi kichwa changu kiongo kama mwenye nacho. Akasema kidogo ndivyo, lakini maumivu si ya uongo, yanauma kweli.

Nikamuuliza, na siku ile sikulia, ushujaa wangu je? Akasema mtu akiwa kwenye hatari kichwa kinaweza kufunga mlango, habari ya maumivu ikangoja nje kwanza. Mtani, nilimchukia! Mguu umekwenda, sasa anataka na hadithi. Akaniagiza nikipapase kigutu kila siku taratibu, kichwa kipate habari nyingine za kushughulika nazo. Nikatoka nimenuna, nasema huyu naye kapangwa na Bakili.

Sasa masika haya Jangwani palijaa maji mpaka yakamega ukingo wa yale makaburi madogo ulikouzika. Mrisho mchimba makaburi akatangaza wenye watu wao pembeni waje wawahamishe. Nikaona mlango umefunguka wenyewe. Nikaenda na magongo yangu, mchana kweupe, nikamwambia nataka kuuhamisha mguu wangu kwa heshima. Habari za kiatu sikumwambia. Lakini mfukoni nilikuwa na kisu cha kukatia kamba.

Mrisho akachimba huku ananiuliza tusome dua ya maiti au ya mgonjwa. Akafika. Nikainama. Kiatu hakuna. Mifupa imelala imenyooka, vidole vimejipanga kimoja kimoja kama watu kwenye foleni ya sukari, hakuna aliyempanda mwenzake. Na pale pale, Bakili, ninavitazama kwa macho yangu vimejinyoosha chini ya shimo, kidole gumba kikanibana. Kikanibana mpaka jasho likanitoka! Natazama shimoni, hakijatikisika. Nikamuuliza Mrisho kama ameona kitu kimesogea. Akasema kilichosogea ni uso wangu.

Halafu akapangusa mchanga, akaniuliza nguo hii ya nani. Ilikuwa imeoza nusu, lakini darizi ya shingoni, ule uzi wa kahawia, ilikuwepo. Nikaijua. Madukani wakati ule shuka jeupe halipatikani hata kwa foleni ya siku nzima, na wewe umeuvisha mguu wangu kanzu yako ya Idi. Kisu kikawa kizito mfukoni.

Nikarudi nyumbani kimya. Sitara akajua pana jambo, maana mimi nikinyamaza ni kama soko limefungwa. Nilipomweleza akaingia uvunguni, akafukua debe la mkaa, akatoa kiatu cha kulia. Alikificha mwenyewe, kisa kabla sijakatwa mguu alinikuta nimekipakata nakiongelesha, akaogopa akinirudishia nitaanza tena. Siku hizi ananipapasa kigutu kwa mafuta ya nazi. Daktari asisikie, lakini inasaidia kidogo.

Sasa la mwisho, na hili si utani. Barua yako sikuichelewesha kwa kukosa stempu. Niliikalia makusudi. Nilisema moyoni, na Bakili angoje, aone mtu anavyobanwa. Nikasahau kwamba anayengoja ni Zena na macho yake. Hilo moja nisamehe, mengine yote sikuombi msamaha.

Basi mwambie apande basi la kwanza asingoje barua nyingine, chumba kipo, Sitara kashatoa mkeka. Na wewe umlete mwenyewe. Nitakupangia foleni ya kitambaa cha kanzu, nitasimama na mguu mmoja, mwenzake amelala na kanzu yako na hairudishi.

Wasalimie jirani zako wote, hata wasionijua, wajue wamesalimiwa na mtu wa magunia ishirini. Mguu unaniuma hata sasa ninavyoandika. Lakini siku hizi unauma peke yake, wewe humo.

Ni mimi mtani wako,
Seifu,
ambaye robo yangu imevaa kanzu yako.