Suruali ya Baba ya Kupandia Mlima

Chumba cha Nyuma,
Duka la Ushonaji,
Karibu na Ghala la Nafaka.
Jumapili, 16 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile bega ulilolalamikia mwezi wa tatu limekuacha upumzike. Na miwani mipya, umeizoea? Binamu aliniandikia kwamba unaivaa, halafu unazunguka nyumba nzima ukiitafuta. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la vitambaa, lakini kikohozi hicho unakijua, kina umri sawa na wangu.

Mimi nimemaliza shule na nasubiri matokeo. Watu wakiniuliza nitafanya nini sasa, nawajibu kwamba bado naangalia. Ukweli ni kwamba sijaangalia chochote. Nakaa chumba cha nyuma nashona vifungo, kwa sababu chumba cha mbele kina wateja, na wateja huongea. Nyumbani bado wananiita Kimya. Kwenye karatasi lakini mdomo wangu hufunguka, kwa hiyo nivumilie, barua hii itakuwa ndefu.

Baba ndiye aliyeniagiza niandike. Alisema nikueleze yote na nisimpambe. Basi naanza na lile baya.

Mwaka jana ulimngoja. Nakumbuka ulituambia kwenye simu kwamba kitanda kimetandikwa tangu juzi. Unajua desturi yao: tangu kabla sijazaliwa, kila mwaka, Baba na wenzake watatu huvuka mlima kwa miguu kwa siku nne, kila mtu na shanta lake mgongoni, wanalala kwenye mahema, wanashuka upande wenu. Wenzake hupanda basi kurudi, naye huja kwako siku mbili. Mwaka jana alikutumia ujumbe kwamba kazi zimemzidi. Shangazi, hakukuwa na kazi. Siku ya pili goti lake la kushoto lilimgomea kwenye mawe. Lilikuwa likimuuma tangu asubuhi ya kwanza na hakumwambia mtu. Wenzake waligawana mzigo wake, wakamshika huku na huku, wakarudi naye wote wanne, na hakuna aliyevuka. Aliingia nyumbani ameinama kama zulia lililokunjwa.

Chanzo kilikuwa kitambi. Fundi wa nguo ana hatari moja ambayo watu wengine hawana. Mtu wa kawaida akinenepa, suruali yake humwambia. Baba suruali ikimbana huifumua na kuiachia nusu kidole, bila kufikiri, kama mtu anayekata kucha. Kwa miaka kumi na tano suruali zake zote zimekuwa zikimwitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana. Alipopelekwa kliniki kwa ajili ya goti akaambiwa ana kilo tisini na saba, alimwomba muuguzi aondoe mguu wake kwenye mizani. Muuguzi alikuwa amekaa upande wa pili wa chumba.

Kiongozi wa matembezi yao ni Kamanda, yule mzimamoto mstaafu mwenye saa kubwa mkononi. Alimpa Baba sharti moja. Kabla ya safari ya mwaka huu apande kilima cha tangi la maji, na shanta la kilo kumi na tano mgongoni, ndani ya saa moja, bila kuketi, na bila mtu kugusa mzigo wake. Akishindwa, atabaki nyumbani. Wale wenzao wengine wawili, kinyozi na fundi bomba, walikubali shingo upande. Baba hakubisha. Alikuja nyumbani, akatundika shanta ukutani juu ya cherehani yake, akasema kama hatavuka mwaka huu ataligawa, asilione tena.

Basi akaanza kujikaza. Kila alfajiri alitoka kutembea, shanta limejaa zile pasi mbili nzito za makaa na jora la kitambaa cha mapazia. Mkate akala bila siagi. Wali akala nusu sahani. Chai akanywa bila sukari, huku akilitazama bakuli la sukari kama mtu anayetazama picha ya marehemu.

Mizani lakini aliikataa. Alisema mizani ya fundi ni nguo. Akatoa suruali yake ya kaki ya kupandia mlima, akalala chali kitandani ili aweze kuifunga kifungo, akatutangazia kwamba siku vidole vinne vitakapoingia kiunoni, atakuwa tayari.

Wiki tatu zikapita na hata kidole kimoja hakikuingia. Asubuhi moja Mama alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda na kifungo cha suruali mkononi, kimya, na wewe unajua Baba si mtu wa kukaa kimya. Mama huruma ikamshika. Baba alipotoka kutembea, aliifumua suruali ile mbavuni pande zote mbili, akaiachia kidogo, akaipiga pasi, akairudisha msumarini. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, nikaona yote.

Kesho yake vidole viwili vikaingia. Baba aliimba uani mpaka jirani akauliza kama kuna harusi. Mchana, kwa kujipongeza, akala sahani mbili za viazi vya kukaanga.

Nilikosa raha, Shangazi. Nilijua Mama alifanya kwa upendo, lakini nilikuwa nikiyafikiria yale mawe. Suruali ikidanganya, goti ndilo litakalolipa. Mtu mwingine angesema. Mimi nilingoja Baba aende kuoga, nikachukua sindano, nikaipunguza suruali mahali palepale.

Baba akavaa, akanywea, na viazi vikakoma. Nikafurahi. Lakini Mama alipomwona amenywea akaiachia tena. Nami nikaipunguza tena. Tuliendelea hivyo wiki saba. Kuna wiki suruali ile ilikwenda na kurudi mara tatu. Mama akaanza kuamini kwamba kitambaa kinaruka, kinasinyaa, kwa sababu ya sabuni, akabadilisha sabuni. Mbavu za suruali zilijaa matundu ya sindano kama chujio la chai, na bado hakuna aliyesema neno, nyumba ya mafundi watatu.

Jumamosi ya mtihani Mama alinituma niwafuate na chupa ya maji. Nilitembea nyuma kabisa, kwa sababu Kamanda akinisalimia huwa najibu vidole vyangu vya miguu. Baba alianza vizuri. Nyuma yake kinyozi alikuwa akimtania kwamba mwaka jana walimbeba kama kabati, mwaka huu angalau wamepunguziwa droo. Baba alicheka bila kupoteza pumzi, nikajua kweli amepungua.

Tulipopita nusu, penye mawe makubwa, aliinua mguu wa kulia juu sana. Nikasikia mlio ninaoujua kuliko mlio wowote duniani. Suruali ilipasuka ubavuni, kutoka kiunoni karibu hadi goti, na ndani yake akaonekana Baba katika bukta aliyojishonea kwa masalio ya mapazia, yenye maua makubwa ya njano.

Fundi bomba aliketi chini kwa kucheka. Baba hakuweza kuketi, sharti lilimkataza. Alisimama na shanta mgongoni, mkono mmoja ukishika suruali, jasho likimtiririka. Wala hakunitazama.

Sindano na uzi huwa ninavyo kwenye ukosi wa gauni, kama alivyonizoesha. Nilipiga magoti kwenye changarawe, mbele ya wanaume wanne, nikaanza kushona. Kamanda akasema huo ni msaada, na msaada hauruhusiwi. Ndipo nikasikia sauti inajibu, nikashangaa kukuta ni yangu.

"Sharti linataja mzigo, Kamanda. Suruali si mzigo. Na hii tumeiharibu mimi na Mama, si yeye."

Juu yangu Baba akasema taratibu, kama tupo dukani, "Mishono mirefu ni ya mama yako. Midogo ya woga ni yako. Najua tangu wiki ya tano. Nilikuwa nangoja nione nani atachoka kwanza."

Nilimuuliza, bila kuinua uso, basi alikuwa anajipimaje. Akakiri kwamba alikuwa akipita ghala la nafaka kila Ijumaa, akisimama kwenye mizani ya magunia, na mwenye ghala humtangazia kilo zake mbele ya wapagazi wote. Amefika themanini na saba. Hakutuambia kwa sababu, alisema, nyumbani tulikuwa tunafurahia sana siri zetu.

Nilikata uzi kwa meno, akaendelea kupanda. Kipande cha mwisho ni kikali. Alipofika kwenye tangi alilishika kwa mikono yote miwili kama ndugu aliyempotea, na Kamanda akatazama saa. Dakika sitini na tano.

Hakuna aliyecheka tena. Kamanda alifikiri, akasema jambo la haki: mpira wa maji ukipasuka kazini, wazimamoto hawalaumiwi kwa muda wa kuuziba, kwa hiyo dakika za kushona zitaondolewa. Ni ngapi? Kinyozi akasema upesi, nane. Fundi bomba akaapa kwamba ni kumi. Kamanda hakuwasikiliza. Akanigeukia mimi.

Shangazi, wote walinitazama isipokuwa Baba, ambaye alikuwa akitazama upande wa mlima. Ningesema tano, ungempokea bila shida. Lakini mshono wa mkono wa urefu ule naujua muda wake kama ninavyojua jina langu. Nikasema tatu.

Kinyozi alisonya. Nilitamani ardhi inimeze, nikidhani nimemkosesha Baba safari kwa neno moja, mimi ambaye huwa sina hata hilo moja.

"Ni tatu," Baba akasema. "Nimemfundisha mwenyewe. Nimechelewa dakika mbili."

Kamanda alimsogelea. Akamuuliza kama goti linauma. Baba alifungua mdomo, nikaona kabisa jibu lile la mwaka jana linakuja, akalimeza. Akasema linauma, la kushoto, kuanzia pale kwenye mawe, si sana, lakini linauma. Kamanda akatamka kwamba mwaka jana hakuhuzunika kwa sababu Baba ni mnene, alihuzunika kwa sababu alitembea siku nzima karibu na mtu anayeumia na hakuambiwa. Mtu anayesema linauma, yeye Kamanda anaweza kwenda naye. Ila dakika mbili ni dakika mbili. Arudie Jumamosi ijayo, saa ileile, na kwa jina la Mungu avae suruali nyingine.

Wiki hiyo Baba alijikatia suruali mpya na kuishona mwenyewe mwanzo hadi mwisho, akalala nayo chini ya mto. Mama aliomba msamaha, akacheka, akakohoa, akaomba tena. Goti lilifungwa bandeji, na kila jioni lilikandwa kwa maji ya moto. Kamanda alipita mara mbili kuliulizia, na mara zote mbili akaambiwa ukweli.

Jana alipanda kwa dakika hamsini na tisa. Hakuna kilichopasuka. Kinyozi alisema kilima kimekosa ladha.

Kwa hiyo wataondoka Jumatatu ya wiki ijayo, tarehe 24, na atakuwa kwako Alhamisi jioni. Barua hii nampa dereva wa basi kesho ili itangulie. Duka ananiachia mimi, chumba cha mbele, kwa sababu Mama ana magauni sita ya bibi harusi na wasimamizi wake. Nawaogopa wateja kuliko Baba anavyouogopa mlima. Nimefanya mazoezi ya kusema "Karibu, nikusaidie nini?" mbele ya kioo. Mpaka sasa kioo hakijalalamika.

Nina ombi moja. Baba ataona aibu kwa ule ujumbe wa mwaka jana. Ndiyo maana amenituma niseme mimi. Akianza kujieleza mlangoni, mwambie umeshasoma. Na usimjazie sahani mara tatu kama ulivyozoea, maana ana njia ya kurudi nyumbani, japo ni kwa basi.

Nisalimie sana Bibi, mwambie ule mshipi alionifundisha kusuka bado naufunga. Msalimie Binamu na mwanawe, nasikia ana meno manne na anauma kila mtu bila ubaguzi. Na jirani yako mwalimu, aliyenipa kamusi, mwambie naitumia.

Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri na bega lisilouma. Alhamisi ukisikia mtu anahema mlangoni, fungua upesi, mtue mzigo, na mwulize goti likoje. Atakwambia.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kusema kwa mdomo,

Kimya